Tanki la lita 15,000 lililokauka siku ya 16

Nyumba iko Moshono, Arusha. Ina tanki la zege chini ya ardhi, simtanki la lita 2,000 juu ya stendi, simtanki jingine la maji ya mvua, na nyuma ya jiko kuna tanki la samaki alilojenga kijana wa nyumba hiyo. Niliitwa kwa sababu tanki la chini "linavuja". Fundi mwingine alikuwa ameshalitazama akataka laki nane: abandue lipu yote ya ndani, apige upya kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Mama mwenye nyumba hakuwa na ubishi na bei. Alichotaka ni mtu wa pili atazame kabla hajatoa fedha.

Malalamiko yake yalikuwa mawili. La kwanza: barabara ilipokuwa ikitengenezwa, bomba la mtaa lilikatwa, wakabaki na maji ya tanki peke yake. Tanki lilikuwa limejaa hadi boya limefunga. Ankara zake za maji zilikuwa zinasoma uniti 14 kwa mwezi, na uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo nyumba inatumia kama lita 467 kwa siku. Akagawanya 15,000 kwa 467, akapata siku 32. Akatulia. Siku ya 16 pampu ikaanza kunguruma bila kupandisha kitu.

La pili lilikuwa kuhusu boza. Maji yalipokwisha aliagiza boza la lita 10,000. Dereva akamwaga, na kabla ya kumaliza akasema, "Mama, limejaa," akafunga mpira akaondoka na maji yaliyobaki. Mama aliona amepunjwa. "Mwanangu, tanki la elfu kumi na tano litajaaje kwa maji ya elfu kumi, tena hayajaisha?"

Aliyasimulia kama mambo mawili tofauti, la kwanza kosa la tanki na la pili kosa la dereva. Mimi nilivyoyasikia kwa pamoja nikaona yanapingana. Tanki linalovuja huisha mapema, sawa, lakini halijai mapema; ukilimwagia maji huku linavuja litachelewa kujaa, au litajaa palepale ulipotarajia. Hili lilikuwa linaisha mapema na kujaa mapema. Kitu kimoja tu kinafanya yote mawili, nacho ni tanki kuwa dogo kuliko jina lake.

Hata hivyo kuwaza si kupima, na mtu aliyeambiwa laki nane anastahili namba. Nilianza na jambo jepesi, kutafuta uvujaji wenyewe. Kama ni kweli nusu ya maji ilikuwa inapotea ardhini, basi kwa kila lita 467 zinazotumika ndani ya nyumba kulikuwa na lita nyingine 467 zinazopotea, kila siku ya Mungu. Maji mengi kiasi hicho hayawezi kujificha. Saa tatu usiku tulizima pampu, tukafunga koki inayoingiza maji, nikashusha ufito mkavu hadi chini na kuweka alama kwa kisu pale ulipolowana. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu hajafungua bomba, nikashusha ufito uleule mahali palepale. Kwa uvujaji wa lita 467 kwa siku, maji yangeshuka sentimita 3 kwa saa hizo tisa. Ufito ulilowana kwenye alama ileile. Ningeweza kubishana na nafsi yangu juu ya milimita moja, lakini si juu ya sentimita 3.

Kipimo hiki hakihitaji fundi. Kinahitaji usiku mmoja, ufito na uaminifu wa watu wa nyumbani kutofungua bomba. Jihadhari na choo tu: tanki la choo linalochuruzika usiku kucha linashusha maji ya simtanki la juu, na kama pampu ni ya kujiwasha yenyewe, itavuta chini bila nyinyi kujua. Ndiyo maana tulizima pampu kwanza.

Baada ya hapo ndipo nikauliza hizo lita 15,000 zimetoka wapi. Hakuna aliyewahi kuzipima. Fundi aliyejenga alichimba shimo la mita 3 kwa mita 2 na nusu, kina mita 2. Tatu mara mbili na nusu mara mbili ni 15. Mita 15 za ujazo ni lita 15,000. Hesabu yake haina kosa hata moja, ila ni hesabu ya shimo. Ndani ya shimo lile aliweka kuta, sakafu na slabu ya zege ya kufunikia juu, na vitu hivyo vyote vilikaa mahali ambapo maji yangekaa.

Tulisubiri maji yafike chini kabisa, tukafungua mfuniko tangu asubuhi ili hewa iingie, na niliposhuka kwa ngazi kijana alisimama juu akizungumza nami muda wote. Hili nalisema kwa uzito. Tanki la chini ya ardhi ni chumba kisicho na hewa ya kutosha, na watu wamepoteza maisha humo, hasa wanaposhusha pampu ya petroli kunyonya maji ya kuoshea. Usishuke peke yako, usiwashe injini ndani, na ukisikia kizunguzungu panda mara moja.

Vipimo vya ndani, kutoka lipu hadi lipu: urefu mita 2.64, upana mita 2.14. Kila upande ulikuwa umeliwa sentimita 18, yaani tofali la inchi 6 lililo kama sentimita 15, na lipu ya sentimita 3. Nilipima pia pembe kwa pembe, mara mbili kwa kupishana, nikapata mita 3.40 zote mbili, maana yake chumba kimenyooka na sihitaji kupima kwa vipande. Kama mistari hiyo miwili ingetofautiana sana, ningepima urefu wa pande zote mbili na kuchukua wastani. Kina kutoka sakafuni hadi chini ya slabu kilikuwa mita 1.70, kwa sababu sakafu ilichukua sentimita 18 na slabu 12. Kuna pia nguzo ya sentimita 20 kwa 20 inayobeba slabu.

Eneo la kitako ni 2.64 mara 2.14, yaani mita za mraba 5.65. Toa nguzo, 0.04, inabaki 5.61. Namba hii ya 5.61 ndiyo iliyokuwa na faida kubwa kuliko zote katika kazi nzima. Ukichukua sentimita moja ya kimo cha maji juu ya eneo hilo unapata lita 56. Tanki la pande zilizosimama wima lina namba yake ya namna hii, na mwenye nyumba akiijua hahitaji tena kukokotoa ujazo. Anashusha ufito, anasoma sentimita, anazidisha kwa 56.

Tanki lote likijaa hadi slabu linabeba 5.61 mara 1.70, yaani lita 9,540. Lakini halijai hadi slabu. Boya linafunga maji yakifika sentimita 155 kutoka sakafuni, na hapo ni lita 8,700. Nazo hazitoki zote. Futi vavu ya pampu, ile vali ya mwisho wa bomba la kunyonyea, imeinuliwa ili isinyonye tope, na maji yakishuka chini ya sentimita 20 pampu inavuta hewa. Sentimita 20 hizo ni lita 1,120 ambazo zipo, zinaonekana, lakini haziji bombani. Kinachobaki kutumika ni sentimita 135, yaani lita 7,570.

Gawanya 7,570 kwa 467. Jibu ni siku 16.

Mama aliishika ile karatasi kwa muda, akaniambia nirudie kuanzia juu. Nikarudia hivi: katika zile lita 15,000, kuta zilichukua 3,700. Sakafu na slabu 1,700 hivi. Nguzo ni kidogo, lita 68. Nafasi iliyo juu ya boya, 840. Maji ya chini yasiyofikiwa na pampu, 1,120. Hakuna aliyeiba. Kuta ndizo zilizokula kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu zinakula pande zote nne na kwa kina chote. Watu wengi hudhani tofali la inchi 6 ni kitu chembamba. Kwenye tanki kubwa la shule au hospitali kweli hutaliona katika hesabu, lakini kwenye tanki la nyumbani lenye upana wa mita mbili na kitu, sentimita 36 ni karibu sehemu moja ya saba ya upana.

Sikutaka hesabu hii isimame kwa futi kamba peke yake, kwa hiyo tuliihakiki kwa njia mbili zaidi, na ninashauri kila mtu atumie angalau moja.

Njia ya kwanza ni simtanki la juu. Kwa tanki la duara la plastiki usihangaike kutafuta kipenyo kwa kunyoosha futi kamba juu yake. Hutajua kama umepita katikati kweli, na ukipita pembeni kidogo utapata namba ndogo. Zungusha kamba. Tulifunga kamba kiunoni mwa simtanki, ikasoma mita 4.00. Zidisha mzingo kwa wenyewe, 16, gawanya kwa 12.57, ambayo ni pai mara nne. Unapata eneo la mita za mraba 1.27. Kimo hadi begani, pale ambapo boya lake linafungia, kilikuwa mita 1.50. Ujazo ni lita 1,910. Plastiki ni nyembamba, kwa hiyo kuta hazili kitu cha kuhesabu, na kile kibonge cha juu hakijai maji. Ndiyo tofauti kati ya 1,910 na lile 2,000 lililoandikwa. Hapo basi simtanki likawa ndoo yetu ya kupimia. Tukalimaliza hadi tupu, tukawasha pampu, likajaa. Tanki la chini likashuka sentimita 33 na nusu. Kwa eneo la 5.61 nilitarajia 34. Kama kitako kingekuwa kile cha shimo, mita 3 kwa 2.5, lingeshuka sentimita 25 tu.

Njia ya pili ni dira ya maji, na hii ndiyo naipenda zaidi kwa sababu dira tayari iko ukutani na inalipiwa kila mwezi. Bomba liliporudi, tulifunga matumizi yote, tukasoma dira pamoja na zile tarakimu nyekundu zinazoonyesha lita, tukaacha maji yaingie hadi ufito ukapanda kutoka sentimita 40 hadi 60. Sentimita 20 kwa hesabu yangu ni lita 1,122. Dira ilisoma 1,140. Tofauti ni lita 18, chini ya mbili kwa mia. Kusoma ufito uliolowana kwa macho kunaweza kuleta tofauti hiyo bila shida.

Laki nane zikabaki mfukoni.

Dereva wa boza naye akaonekana kwa sura nyingine. Siku ile tanki lilikuwa na sentimita 20 za chini. Kwa kumwaga kupitia mfuniko, bila boya kuzuia, lingeweza kupokea hadi slabu, yaani sentimita 150, lita 8,400. Aliposema limejaa, lilikuwa limejaa. Alichokosea ni kuondoka na lita 1,600 zilizolipiwa bila kusema chochote, na mama alikuwa na haki ya kudai bei ipungue au maji yamwagwe kwenye mapipa. Lakini asingeweza kudai kwa kutumia namba 15,000, kwa sababu kwa namba hiyo alikuwa anamlaumu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Sasa nije kwa samaki, kwa maana kisa hiki kilikuwa na mshitakiwa wa tatu. Kabla ya kuamua tanki linavuja, nyumba nzima ilikuwa imemtazama kijana. Yeye anafuga sato, na kila wiki anatoa robo ya maji na kuweka mapya. Alipoulizwa anatumia maji kiasi gani alijibu kwa kujiamini: tanki lake ni la lita 6,400, robo yake ni 1,600. Mama akapiga hesabu: kwa siku 16 amebadilisha maji mara mbili, lita 3,200. Yule kijana alijitia hatiani kwa namba yake mwenyewe.

Alikuwa amefanya kosa lilelile la shimo, kwa umbo la duara. Alipima kipenyo kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, mita 2.60, akachukua kimo chote cha ukuta, mita 1.20. Nusu kipenyo 1.30, zidisha kwa yenyewe, mara 3.14, mara 1.20: lita 6,400 kasoro kidogo. Tukapima upya pamoja. Ukuta na lipu zake ni sentimita 17 kila upande, kwa hiyo kipenyo cha ndani ni mita 2.26 na eneo ni mita za mraba 4.01. Bomba lililosimama la kufurikia limewekwa ili maji yasipite sentimita 90 ukutani. Hapo ni lita 3,610. Sakafu yake inaelekea katikati ili uchafu ukusanyike kwenye tundu la kutolea, na katikati ni chini zaidi ya ukingoni kwa sentimita 15. Umbo hilo la pia, yaani koni, lina theluthi moja ya ujazo wa silinda yenye kitako na kimo hichohicho: 4.01 mara 0.15, gawanya kwa tatu, lita 200. Jumla lita 3,810.

Na ile robo? Alikuwa anashusha maji sentimita 22 kwa alama aliyoichora ukutani. Sentimita 22 mara lita 40 ni 880. Kwa mabadiliko mawili, lita 1,760. Nusu na kidogo tu ya alichoshutumiwa, na zaidi ya hapo, maji hayo yalikuwa tayari ndani ya zile uniti 14 za ankara. Samaki hawakumaliza maji ya mtu.

Lakini kwa upande wao namba ile ya uongo iliwaumiza. Kijana alikuwa ameshauriwa aweke vifaranga 50 kwa kila mita ya ujazo, akanunua 320. Kwenye maji halisi ya mita za ujazo 3.81 hao ni 84 kwa kila mita ya ujazo. Wakiwa wadogo kama kidole haikuonekana. Walipokua, akaanza kuwakuta alfajiri wote wako juu, midomo nje, wakihema usoni pa maji, na saa nne asubuhi wametulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Alidhani ni ugonjwa. Dalili inayokuja alfajiri na kuondoka jua likipanda, kwenye tanki lenye maji ya kijani, kwanza ifikirie hewa. Usiku samaki wanapumua, ule ukijani, yaani mwani, nao unapumua, hakuna mwanga wa kutengeneza oksijeni mpya, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo oksijeni ya majini inakuwa ndogo kuliko saa yoyote.

Kwa kuwa alidhani ni ugonjwa, akaweka chumvi. Kipimo alichopewa ni gramu 3 kwa lita. Kwa lita 6,400 akapima kilo 19. Kwa lita 3,810 hiyo ni gramu 5 kwa kila lita. Sato ni samaki mgumu wa chumvi na walivumilia. Ningeogopa zaidi kama angekuwa na dawa kali mkononi, kwa sababu dawa nyingi za samaki umbali kati ya kipimo kinachoponya na kinachoua ni mdogo, na kosa la kuzidisha karibu mara mbili linaweza kumaliza tanki zima kwa asubuhi moja. Mfugaji anayejua bei ya chakula lakini hajui lita za tanki lake yuko kwenye hatari kuliko anavyodhani.

Nilimwambia jambo moja zaidi kuhusu maji mapya. Maji ya bomba yana klorini, na kiasi kidogo kisichomdhuru mtu kinachoma mashavu ya samaki. Ayaache kwenye mapipa wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia, au akitumia thayosalfeti ya sodiamu, inayoondoa klorini, kanuni ya kawaida ni gramu 7 kwa kila gramu 1 ya klorini. Hapo tena, huwezi kujua una gramu ngapi za klorini kama hujui una lita ngapi za maji. Anazoweka ni 880, si 1,600.

Sebuleni pia kuna tanki dogo la kioo la samaki wa mapambo. Dukani liliuzwa kama la lita 112, yaani sentimita 80 kwa 35 kwa 40, vipimo vya nje hadi ukingo wa juu. Ndani ya vioo ni 78.8 kwa 33.8, na maji yanaishia sentimita 33. Hiyo ni lita 88, na kokoto za chini zinapunguza kama 4. Kwa meza inayolibeba hesabu inageuka: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ongeza kioo na kokoto, utaona kwamba meza ile ina zaidi ya kilo 100 juu yake. Nilitikisa miguu yake, iko imara.

Simtanki la maji ya mvua sikuligusa, kwa sababu hapo mama alikuwa amefanya hesabu nzuri kuliko mafundi wote. Maji ya chini ya ardhi sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia tunayaona kwa watoto waliokulia kwenye visima hivyo. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mama anakunywa na kupikia maji ya mvua peke yake. Watu sita, lita 5 kila mmoja, kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba, siku 153: lita 4,590. Simtanki ni la 5,000, koki yake iko sentimita 8 juu ya kitako, zinabaki chini kama lita 200. Linatosha, na linabaki kidogo. Nilimsihi kitu kimoja tu, asikubali boza limwage humo hata siku moja.

Yule fundi aliyejenga tanki tulimpigia. Hakukasirika. Alisema kila mtu mjini anahesabu hivyo, na ni kweli, nimewasikia wengi. Tatizo ni kwamba mteja anaposema "nijengee la elfu kumi na tano" anafikiria maji, na fundi anafikiria shimo, na hakuna kati yao anayejua kwamba wanazungumza vitu viwili. Ukiandikishana na fundi, weka vipimo vya ndani baada ya lipu, na useme usawa wa boya na usawa wa futi vavu. Mama huyu angetaka kweli lita 15,000 za kutumia, kwa kimo kilekile cha sentimita 135, angehitaji kitako cha ndani cha mita za mraba 11.1, kwa mfano mita 4 kwa 2.8. Hicho ni karibu mara mbili ya alichojengewa, na bei yake ni nyingine kabisa.

Kwa tanki alilonalo tulichora ufito wa mwanzi uliokauka, alama kila sentimita 10, na pembeni ya kila alama kijana akaandika lita kwa rangi isiyofutika: 560, 1,120, 1,680, kuendelea. Alama ya sentimita 20 ni nyekundu, chini yake pampu isiwashwe. Alama ya 65 ni ya bluu: ufito ukisoma hapo au chini yake, lita 5,000 zitaingia zote bila kupita usawa wa boya, kwa sababu lita 5,000 ni sentimita 89. Boza la 10,000 haliagizwi tena.

Boza la kwanza la 5,000 lilikuja ufito ukiwa unasoma 52. Lilipomaliza ulisoma 140. Sentimita 88 ni lita 4,940, mama akamlipa dereva bei yote aliyotaja.